CHARLES GOODYEAR, MTU ALIYEPIGANA NA JOTO

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika jarida letu tumezoea kusoma habari za wafalme, mashujaa wa uhuru na washairi wa pwani. Mwaka huu nimeonelea niwaletee habari za mtu ambaye jina lake tunaliona barabarani karibu kila siku, limeandikwa ubavuni mwa matairi ya magari. Wengi wetu hudhani hilo ni jina la kampuni tu. Kumbe lilikuwa jina la binadamu aliyekuwa na mke, watoto na madeni chungu nzima. Mtu huyo ni Charles Goodyear wa Marekani.

Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa ndio tunaopaswa kumjua zaidi ya wengine. Wenzetu wa shule za mabweni huamka, wakatembea hatua mia mbili, wakawa wamefika darasani. Sisi hupanda matatu asubuhi na jioni, na uhai wetu wote huwa umebebwa na vipande vichache vya mpira vinavyozunguka lami. Tairi likipasuka mwendo ukiwa mkali, watu hushika tama wakasema ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli, lakini tusiitumie ovyo. Tairi lina kinga yake, na mipaka ya kinga hiyo imeandikwa ubavuni mwake kwa herufi ambazo hakuna anayezisoma. Nitazieleza baadaye. Kwanza tujue mpira wenyewe ulipataje nguvu ya kustahimili joto, maana hapo kale haukuwa nayo.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Charles Goodyear alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Baba yake, Amasa Goodyear, alitengeneza vifungo vya nguo na vyombo vya chuma vya wakulima. Siku hizi tungemwita fundi wa jua kali aliyeendelea. Charles ndiye aliyekuwa kifungua mimba.

Alipokuwa na umri kama wetu hivi, alipelekwa mji wa Philadelphia kujifunza biashara ya vyombo vya chuma. Alipotimiza miaka 21 alirudi nyumbani akashirikiana na babake. Mwaka 1824 alimwoa Clarissa Beecher, mwanamke ambaye, kwa maoni yangu, angestahili kuandikiwa makala yake mwenyewe. Mwaka 1826 wawili hao walihamia Philadelphia wakafungua duka la vyombo vya chuma.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Duka lilijaa wateja. Lakini wengi walichukua mali kwa mkopo na siku ya kulipa hawakuonekana. Tena Charles akaugua tumbo, akawa hajiwezi. Kufikia mwaka 1830 biashara ilikuwa imeanguka kabisa. Kulingana na sheria za Marekani za wakati ule, mtu aliyeshindwa kulipa deni alifungwa jela. Basi Charles akaanza kuijua njia ya gerezani, na tangu hapo akaingia na kutoka mara nyingi hata ikawa ni kama nyumba yake ya pili.

MPIRA WA ZAMANI ULIVYOKUWA

Ili tuelewe kazi yake, lazima tujue mpira wa zamani ulikuwa kitu gani. Mpira hutokana na utomvu mweupe wa mti unaoota katika misitu ya mto Amazon. Wenyeji wa Amerika ya Kusini na ya Kati waliutumia karne nyingi kabla ya Wazungu kufika huko. Miaka ya 1830 Wamarekani waliupenda sana kwa sababu haupitishi maji. Wakatengeneza viatu, makoti na mifuko. Viwanda vikachipuka kama uyoga.

Kisha kiangazi kikaingia. Viatu vikayeyuka, vikanuka, vikanata kama ulimbo. Wanunuzi wakavirudisha dukani. Kipupwe nacho kilipofika, vile vilivyosalia vikawa vigumu kama ubao na kupasuka. Mpira wa siku hizo ulikuwa mtumwa wa hali ya hewa: jua likiwaka huwa uji, baridi ikija huwa jiwe.

Mwaka 1834 Charles alipita katika duka la kampuni ya mpira ya Roxbury jijini New York. Aliona kifaa cha kuelea majini kilichojazwa upepo, akaona kuwa vali yake haikuwa nzuri. Alikwenda nyumbani akabuni vali bora, akairudisha akitumaini kuiuza. Msimamizi wa duka aliisifu, lakini akamfahamisha kuwa kampuni haikuhitaji vali. Ilihitaji mpira usioyeyuka. Bidhaa zilizoharibika zilikuwa zimerudishwa kwa wingi, na kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Mtu ambaye angepata dawa ya joto angekuwa ameokoa viwanda vyote.

Charles hakuwa amesoma kemia hata kidogo. Hakuwa na pesa. Afya yake ilikuwa mbovu. Hata hivyo, tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine kichwani mpaka kaburini.

JELA, JIKO NA CHEKO ZA MAJIRANI

Aliporudi Philadelphia alikamatwa tena kwa ajili ya deni. Akiwa gerezani alimwomba Clarissa amletee mpira mbichi na kijiti cha kusukumia unga, kama kile tunachotumia kwa chapati. Huko huko ndani akaanza kukanda na kusukuma mpira, akiuchanganya na hiki na kile. Maabara yake ya kwanza ilikuwa chumba cha wafungwa.

Alipotoka alijaribu kuchanganya mpira na unga wa magnesia. Ukawa mweupe na mkavu, akafurahi. Yeye na familia yake wakatengeneza mamia ya viatu. Kiangazi kilipofika, vyote vikawa uji. Akajaribu kuuchemsha pamoja na chokaa. Safari hii alisifiwa na watu wakubwa, lakini akagundua kwamba tone moja tu la kitu kichachu, kama siki, lilitosha kuuharibu. Akajaribu asidi ya naitriki. Ngozi ya juu ya mpira ikawa laini na kavu, lakini mvuke wa asidi hiyo ulimjaa chumbani, nusura umtoe roho. Alilala kitandani kwa majuma kadhaa.

Mwaka 1837 uchumi wa Marekani ulianguka na mfadhili wake akafilisika. Charles, mkewe na watoto wakahamia katika kiwanda kilichoachwa mahame kwenye kisiwa cha Staten Island, karibu na New York. Chakula chao kikawa samaki aliowavua mwenyewe. Alijivalisha mpira mwili mzima, kofia, koti na viatu, ili watu waone uzuri wake. Majirani walimfanyia mzaha kwamba ukitaka kumtambua Goodyear, mtafute mtu aliyevaa mpira kutoka utosini hadi unyayoni, mwenye mkoba wa mpira usio na hata senti moja ndani yake.

Baadaye serikali ilimwagiza mifuko 150 ya kubebea barua. Aliitengeneza kwa ufundi wake wa asidi, akaitundika, akaondoka kwa muda. Aliporejea aliikuta imelegea, imeanza kuachana na vishikio vyake kwa joto. Asidi ilikuwa imetibu ngozi ya juu tu, ndani mpira ulikuwa ule ule wa zamani. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini jamani, koleo za mtu huyu zilivunjika ngapi?

SALFA NA JIKO LA MOTO

Huko Woburn, jimbo la Massachusetts, Charles alikutana na mfanyakazi wa kiwanda cha mpira aitwaye Nathaniel Hayward. Hayward alikuwa amegundua kwamba ukinyunyiza salfa, ule unga wa manjano, kisha ukauanika mpira juani, unakauka na kuacha kunata. Charles aliinunua haki ya ugunduzi huo.

Majira ya baridi ya mwaka 1839, kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kiligusa jiko lililokuwa la moto sana. Kila mtu aliyejua mpira angetarajia kiyeyuke. Hakikuyeyuka. Kiliungua kama ngozi inavyoungua, na pembeni mwa sehemu iliyoungua palikuwa na ukanda mdogo ulionyumbuka vizuri sana, haukunata wala haukuwa mgumu. Charles alikipigilia msumari nje kwenye baridi usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kinanyumbuka vile vile.

Jambo hili latakiwa kuangaliwa kwa makini. Kwa miaka mitano joto lilikuwa adui wa Charles. Kila alichokitengeneza, joto lilikiharibu. Sasa akaona kwamba joto hilo hilo, likiwa kali zaidi na likisaidiwa na salfa, ndilo dawa yenyewe. Wapo wanaosema aliotea tu. Yeye mwenyewe katika kitabu chake alikataa kuiita bahati. Alieleza kuwa tukio kama hilo humfaa yule tu ambaye akili yake ilikuwa tayari ikilitafuta jibu. Nami nakubaliana naye. Wangapi walidondosha mpira jikoni kabla yake wakaukwangua na kuutupa?

Sayansi ya siku hizi imetueleza kilichotokea. Mpira umeundwa kwa nyuzi ndefu mno zisizoonekana kwa macho, zimelala ovyo kama tambi kwenye sufuria. Joto likiingia, nyuzi hizo huteleza na mpira huwa uji. Salfa ikipikwa pamoja nao hufunga mafundo kati ya uzi na uzi, mpaka zote zinakuwa kama wavu wa mvuvi. Wavu huvutika ukarudi, lakini hauwezi kumwagika. Charles hakujua lolote kuhusu nyuzi hizo. Wataalamu walizielewa karne ya 20, yeye akiwa amekwisha kuoza kaburini.

MIAKA YA DHIKI

Je, taabu ilikwisha? Wapi! Alijua kwamba mpira unapikika, lakini hakujua upikwe kwa moto wa kiasi gani wala kwa muda gani. Moto ukipungua, mpira unabaki mbichi. Ukizidi, unaungua na kukatika. Kupata kipimo chenyewe kulimchukua miaka mingine. Alimngoja mkewe aive mikate yake ndipo atie mpira kwenye tanuri. Aliwaomba wahunzi na wenye viwanda wamwazime moto baada ya kazi. Hakuna aliyemwamini tena, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwatangazia watu ushindi mara tatu au nne na kila mara kiangazi kikamwumbua.

Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba majira moja ya baridi mtoto wake mdogo wa kiume alifariki, na nyumbani hapakuwa na pesa za kumzika wala kuni za kutosha. Husimuliwa pia kwamba kati ya watoto 12 aliojaliwa na Clarissa, 6 walikufa wakiwa wadogo. Aliuza vyombo vya nyumbani. Alipokosa cha kuuza, aliuza hata vitabu vya shule vya watoto wake ili apate pesa za kuendeleza majaribio.

Hapo ndipo ninapokwama, wasomaji wenzangu. Walimu wetu hutufundisha kuwa mvumilivu hula mbivu, na Charles husifiwa kila mahali kwa uvumilivu wake. Lakini ni nani aliyevumilia? Yeye alikuwa na ndoto yake ya kumtia joto usiku. Watoto walikuwa na njaa na hawakuwa na vitabu. Nimewauliza wenzangu wa chamani jambo hili, tukagawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema bila yeye dunia isingekuwa na tairi. Kundi la pili linasema mzazi anayeuza kitabu cha mtoto wake hana la kujivunia. Mimi naona makundi yote mawili yana ukweli, na hiyo ndiyo sababu mtu huyu anafaa kusomwa. Tukimsifu, tusimfiche Clarissa na watoto nyuma ya pazia.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, mume wa dadake, aliyekuwa na kiwanda cha sufu. Huyo alimkopesha pesa nyingi mpaka kazi ikakamilika.

SIFA ZAKE NA KIFO CHAKE

Tarehe 15 Juni 1844 Charles alipewa hataza nambari 3633 ya Marekani. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuutumia uvumbuzi wake peke yake kwa miaka kadhaa. Lakini kule Uingereza alikuwa amechelewa. Vipande vya mpira wake vilikuwa vimemfikia Thomas Hancock, fundi hodari wa mpira, ambaye alivichunguza, akatambua kuna salfa, akajaribu mpaka akafaulu, na Novemba 1843 akawahi kuandikisha ombi lake. Hata jina la ufundi huo lilitoka kwa rafiki wa Hancock, aliyeuita kwa jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale.

Nyumbani Marekani nako wezi wa uvumbuzi walimwandama. Mwaka 1852 kesi yake kubwa ilisikizwa mjini Trenton. Wakili wake alikuwa Daniel Webster, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Charles alishinda. Hata hivyo ada ya wakili huyo ilikuwa dola 15,000, na ushindi ukawa mtamu kwa sifa tu.

Badala ya kutulia na kuweka akiba, aliendelea kutumia pesa kutangaza mpira. Katika maonyesho makubwa ya London mwaka 1851 na ya Paris mwaka 1855, alijenga vyumba vilivyojaa vitu vya mpira mtupu. Clarissa alifariki mwaka 1853 wakiwa Uingereza. Huko Ufaransa hataza yake ilibatilishwa, mapato yakakatika, na Desemba 1855 akafungwa jela ya wadaiwa jijini Paris. Akiwa humo ndani ndipo nishani ya heshima ya Ufaransa, aliyotunukiwa na Mfalme Napoleon wa Tatu, ilipomfikia. Mfungwa mwenye nishani!

Mwaka 1860 alipata habari kuwa binti yake alikuwa mahututi mjini New Haven. Akafunga safari kwenda kumwona. Alipofika New York aliambiwa binti amekwisha kufariki. Charles mwenyewe alianguka akiwa mgonjwa, na tarehe 1 Julai 1860 akaiaga dunia akiwa na umri wa miaka 59. Aliacha madeni ya dola zipatazo 200,000.

MPIRA BAADA YAKE

Charles hakuliona gari hata siku moja. Tairi la upepo lilibuniwa na Mskoti Robert William Thomson miaka ya 1840, likasahaulika, kisha likabuniwa upya mwaka 1888 mjini Belfast na daktari wa mifugo John Boyd Dunlop kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, waliyatia matairi ya upepo kwenye gari la mashindano kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Mwaka 1898 Frank Seiberling alianzisha kampuni ya matairi mjini Akron, jimbo la Ohio, akaipa jina la Goodyear kwa heshima tu. Familia ya Charles haikuwa na hisa ndani yake.

Lazima niseme pia kuwa mpira ulileta msiba mkubwa barani mwetu. Matairi ya baiskeli na ya magari yalipoanza kutakiwa kwa wingi, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama shamba lake kuanzia 1885 hadi 1908, aliwalazimisha wananchi kugema mpira wa porini. Vijiji vilichomwa, watu wengi wakakatwa mikono na kuuawa. Charles hakuhusika, kwa sababu alikuwa amekufa zamani. Lakini historia ya tairi isiyowataja Wakongo hao ina upungufu.

HERUFI ZILIZO UBAVUNI

Sasa nitimize ahadi yangu. Swali la joto ambalo Charles alilianza halikwisha. Mpira uliopikwa hauyeyuki juani, lakini tairi linapokimbia hujitengenezea joto lake lenyewe. Kila mzunguko, sehemu inayogusa barabara hubonyea kisha ikanyooka. Chukua waya, uukunje na kuukunjua haraka haraka, halafu uuguse mdomoni. Utaona umepata moto. Tairi nalo ni hivyo hivyo.

Tufanye hesabu kidogo. Tairi ambalo mzingo wake ni mita 2, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka mara 11 kila sekunde. Kwenye kilomita 120 kwa saa huzunguka karibu mara 17 kila sekunde. Kila mzunguko ni kukunjwa na kukunjuliwa. Joto likiingia haraka kuliko linavyotoka, mpira na nyuzi za chuma zilizo ndani huanza kuachana, na mwisho wake ni mlipuko.

Kwa hivyo watengenezaji huandika mwendo ambao tairi linaweza kuuhimili. Ukiona 185/70 R14 88T, zile tarakimu 88 zinaonyesha uzito, yaani tairi moja linabeba kilo 560. Herufi T ndiyo ya mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190, H ni 210, na V ni 240. Angalieni kwamba H haifuati mpangilio wa alfabeti, kwani inakaa baada ya U, ambayo ni 200. Matairi ya malori na mabasi huwa na herufi za chini, kwa mfano K ni 110 na L ni 120.

Matairi ya magari madogo yanayotengenezwa kwa soko la Marekani huwa pia na daraja la joto, A, B au C. Tairi huzungushwa kwenye gurudumu la maabara kwa mwendo unaoongezeka. Linalostahimili zaidi ya kilomita 184 kwa saa hupewa A. La kati ya 160 na 184 hupewa B. C ni la kati ya 136 na 160, na ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na sheria ya huko. Yaani C haina maana ya tairi bovu. Ina maana ya tairi lenye akiba ndogo ya kuvumilia joto.

Mwenye akili atauliza: ikiwa hata C inafika 136, na kanuni za Kenya zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ziliweka kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria, mbona matairi bado yanapasuka? Jibu ni kwamba herufi hizo zina masharti. Zinahusu tairi zima, lenye upepo wa kutosha, lisilobebeshwa kupita kiasi. Upepo ukipungua, tairi hubonyea zaidi kila mzunguko na joto hupanda. Watu wakisimama hadi mlangoni na gunia za viazi zikiwa juu ya keria, mambo ni yale yale. Tairi likiwa na jeraha au likiwa kuukuu, herufi yake imebaki jina tu, kama kinyonga aliyekufa na rangi yake.

Umri nao umeandikwa. Tafuta tarakimu 4 mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani huwa mgumu na kuingia nyufa, kwa kuwa joto na hewa vimeendelea kuupika miaka yote hiyo. Ni kosa lile lile lililomsumbua Charles mbele ya tanuri la Clarissa: mpira uliopikwa kupita kiasi hukatika. Kwa hiyo tairi la mtumba lenye meno marefu laweza kuwa hatari, hata kama linang'aa kwa rangi nyeusi ya dukani.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Lisipunguzwe upepo likiwa la moto, kwa sababu joto limeupandisha kwa muda, na likipoa litabaki na upungufu, kisha safari inayofuata lipate moto zaidi.

Ndugu zangu, sisi abiria hatuna magari, na dereva hawezi kutuuliza ni tairi gani anunue. Lakini macho tunayo. Wakati makanga anaita abiria na gari halijajaa, muda huo unatosha kutazama kama tairi ni kipara, kama lina nyufa, kama limelala chini kwa kukosa upepo. Ukiliona hivyo, ngoja matatu inayofuata. Ni afadhali kufika darasani umechelewa ukaadhibiwa na mwalimu wa zamu. Jirani yako akikucheka kwa kuinama kusoma tairi, mwambie kuna mtu aliyechekwa miaka kumi kwa ajili ya mpira huo, na wanawe wakakosa vitabu. Walau sisi wenye vitabu tuyasome maandishi yaliyomo ndani yake.